Mtambo Uliokatazwa Kukataa

Palikuwa na nchi, na bado ipo, tena kwa kauli ya wenyewe inaendelea vizuri. Inaitwa Nchi ya Subira. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake iko kwenye kamati tangu zamani, wajumbe wanabishana juu ya rangi. Haya ni yale yaliyompata fundi cherehani mmoja wa huko, Ngwali Makame, mtu asiye na ugomvi na yeyote, ambaye kosa lake kubwa maishani lilikuwa kutaka kuona.

Ngwali alikuwa na mtoto wa jicho. Lilianza jicho la kulia, akawa anaiona dunia kama mtu anayetazama kupitia glasi iliyonywewa maziwa ikasahauliwa kuoshwa. Likafuata la kushoto. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mitaa mitatu ilimtegemea kila shule zilipokaribia kufunguliwa. Sasa alishona mfuko wa shati ukatokea mgongoni. Mwenye shati, mama mstaarabu, aliuliza kwa upole kama ule ni mtindo mpya, akashukuru, akaondoka, hakurudi tena. Wakafuata wengine kuondoka kwa ustaarabu uleule.

Mkewe, Kazija, alijitolea kumtungia uzi kwenye sindano. Ngwali alikataa. Alikuwa na kiburi kimoja tu katika maisha yake, nacho ni hicho: sindano yake aliitunga mwenyewe. Kila asubuhi alikaa mlangoni kwenye mwanga, akailamba ncha ya uzi, akalenga, akakosa, akalamba tena. Kazija alipita na ndoo ya maji, akapita na ufagio, akapita mikono mitupu, na kila mara aligeuza uso pembeni ili mumewe asijue kuwa anatazamwa.

Hospitali ya serikali ilikuwa inafanya upasuaji wa macho bure. Sharti lilikuwa moja tu, mgonjwa awe na Namba.

*

Lazima nikueleze Namba, maana mgeni wa Subira asipoielewa hataelewa chochote.

Kila mwananchi wa Subira hupewa namba moja ambayo hana mwingine yeyote. Hutolewa na Mtambo, uliotengenezwa na mhandisi wa hapohapo, mwanamke aitwaye Salha Tindwa. Kazi ya Mtambo ilikuwa nyepesi. Huokota namba bila kuchagua, kama mtu anayechota punje kwenye gunia huku amefumba macho, kisha hupekua kanzidata ya taifa kuona kama namba ile imeshapata mwenyewe. Ikiwa imeshapata, huitupa na kuokota nyingine. Basi. Kuokota, kuuliza, na inapobidi kukataa.

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye mkuu wa nchi, alipewa namba yake mbele ya umma. Wakati huo namba zilikuwa ndefu, na Mlezi alipojaribu kuikariri yake jukwaani ulimi ulimpotea katikati. Waziri wa Hesabu za Watu, Mheshimiwa Makeke, akaagiza papo hapo kuwa namba zote zikatwe zibaki tarakimu sita. Mhandisi Salha akamnong'oneza kwamba kwa tarakimu sita, watu watakuwa wengi kuliko namba. Waziri akamjibu kwamba hilo ni tatizo la watu.

Ikaja zamu ya Waziri mwenyewe. Bendi ikanyamaza. Akabonyeza kitufe kwa kidole chenye pete, na Mtambo, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa umeokota namba ya jenerali mmoja, ukatamka kwa sauti nyororo iliyofika mpaka kwenye viti vya jua: "Namba hii ina mwenyewe. Tafadhali jaribu tena."

Ufahamu kuwa katika Subira mdogo hamwambii mkubwa hapana. Si sheria, ni malezi. Mkubwa akiuliza kama wali umeiva, na mchele bado unagonga sufuria, jibu ni kwamba unaelekea. Na leo chombo cha bati, kilichonunuliwa kwa kodi, kimemwambia Waziri hapana mbele ya mabalozi. Wake wa wakubwa walijifunika midomo kwa mitandio. Mlezi alitazama saa yake.

Kesho yake ikatoka amri kuwa Mtambo ufundishwe adabu. Salha akajaribu kueleza kuwa kukataa ndiyo kazi yake yote, na ukiuondolea hilo unabaki kuwa sanduku lenye sauti nzuri. Akasikilizwa kwa makini, kisha akahamishiwa Bodi ya Chumvi. Mtambo ukafunguliwa, ukafungwa, na tangu siku hiyo namba yoyote uliyoiokota, iwe mpya au ina wenyewe wanne, ulijibu: "Naam, Mheshimiwa."

Waziri Makeke akalitangazia Bunge kuwa Mtambo wa Subira haujawahi kurudia namba, na ushahidi ni kwamba haujakataa hata moja. Wabunge walipiga meza mpaka mmoja wao akaumia kiganja.

*

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Sista Chausiku, nesi wa mapokezi ya macho, akaiandika Namba ya Ngwali kwenye kompyuta. Akasoma. Akasoma tena. "Mzee, mbona umeshafanyiwa?"

"Nimeshafanyiwa nini, mwanangu?"

"Macho. Yote mawili. Mwaka juzi, hospitali ya Mkoa wa Machweo. Imeandikwa upasuaji umefanikiwa, mgonjwa anaona vizuri."

"Mimi sijawahi kufika Machweo."

"Ulifika. Ulilazwa siku mbili." Akasogeza kiti. "Na hapa inaonyesha ulijifungua huko pia, lakini hayo ni ya zamani."

Ngwali akavua kofia, akainamisha uso kwenye dirisha dogo. "Nitazame, Sista. Nitazame jicho hili."

Chausiku alimtazama. Alikuwa mtu mwema, na kile cheupe kwenye mboni kilionekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. "Naliona, mzee wangu," akasema polepole. "Lakini mimi naliona kwa macho tu. Nenda Mamlaka, wakikutoa kwenye hiyo namba, rudi kwangu. Wallahi nitakuweka wa kwanza."

*

Mamlaka ya Utambulisho ilikuwa na jengo refu kuliko yote mjini na lifti iliyokwenda juu tu. Ngwali alielekezwa Idara ya Kuunganisha Nafsi, na huko akampata Afisa Pandu, mtu mnene, mwenye sauti ya hutuba hata anapoomba chai.

Pandu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimpa Ngwali tumaini la bure.

"Mzee Ngwali," akasema, "mimi na wewe ni watu wazima, tuzungumze kwa mantiki. Mtambo haurudii namba. Hilo alilisema Waziri, mbele ya Mlezi. Tumekubaliana?"

"Mimi nashona nguo tu, bwana."

"Tumekubaliana. Sasa, wakitokea watu wawili wenye namba moja, kilichojirudia ni nini? Namba haiwezi. Kwa hiyo kilichojirudia ni mtu." Akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kugawa pilau. "Wewe si mtu wa kwanza kujirudia. Tunao wengi. Tuna mchungaji wa kanisa ambaye pia ni muuza pombe. Tuna mapacha ambao, alhamdulillahi, walisumbua kidogo sana. Sheria ya Umoja wa Mtu inasema: namba moja, mtu mmoja, hata akiwa wawili. Unachotakiwa ni kumleta mwenzako, yaani kujileta, mhakikiwe, mpewe cheti cha umoja."

"Na macho yangu?"

"Macho yako," alisema Pandu, "ni mazima. Yako Machweo."

Ngwali alishuka kwa ngazi, akipapasa ukuta. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Alipofika nyumbani alimweleza Kazija kila kitu, naye alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza tu kama huyo mwenziwe ni mwanamke au mwanamume.

"Mwanamke. Alijifungua."

"Haya," alisema Kazija. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kamlete nimwone mume wangu."

*

Hakuna aliyemleta, alikuja mwenyewe. Aliitwa Bi Mize, mkaanga mihogo wa Machweo, mwanamke wa maneno mengi na kucheka kwingi, na siku ya uhakiki alikuwa amekaa kwenye benchi la Mamlaka tangu asubuhi akila karanga.

"Wewe ndiye mimi?" alimuuliza Ngwali.

"Nimeambiwa hivyo."

"Maskini mie, nimezeeka." Akamsogezea nafasi, akammiminia karanga kiganjani. "Basi ndugu yangu, umeniponza. Nimeomba kizimba sokoni, naambiwa kizimba cha mihogo hakipewi mwanamume fundi cherehani mwenye duka lake. Nikawaambia nitazameni basi. Wakasema wameshanitazama kwenye kompyuta."

"Na mimi nimenyimwa macho kwa sababu umeyatibu wewe."

Bi Mize aliacha kutafuna. Alimgeukia, akamtazama usoni vizuri, na kicheko kikamkauka. "Ni kama langu lilivyokuwa," akasema. "Nilikuwa najiunguza mafuta kila siku. Nisamehe. Ningejua, ningetibu moja nikakuachia moja."

Alisema kwa dhati kabisa, na Ngwali, ambaye hakuna mtu wa serikali aliyemwomba radhi tangu shauri hili lianze, alimrudishia nusu ya karanga.

Walipoingia ndani, Afisa Pandu aliwasimamisha bega kwa bega, akawauliza maswali ya uhakiki kwa pamoja, na kila walipotofautiana aliandika kuwa mwananchi ana mawazo mapana. Mwishowe Ngwali akaomba tena macho. Pandu akaweka kalamu chini kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mzee, wewe unalalamika huna macho. Haya si haya hapa?" Akamnyooshea kidole Bi Mize. "Mazima, yanang'aa, yamelipiwa na serikali. Ukitaka kutunga uzi, yalete macho yako yatunge."

"Jino la pembe si dawa ya pengo, bwana afisa," alisema Bi Mize. "Mimi nakaa Machweo. Akitaka kuvuka barabara anipigie simu?"

Pandu hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwake alikuwa na mama mzee, na mama yule alikuwa amejirudia vilevile, nusu yake nyingine ilikuwa polisi wa mpakani. Akainuka, akafunga mlango, akarudi akazungumza kwa sauti ya kawaida, na ikawa sauti ndogo ya kushangaza.

"Kutengana haiwezekani. Sheria haina neno hilo. Lakini kuzaliwa inawezekana. Mtu akitoka ndani ya mtu, huyo ni mtoto, na mtoto hupewa namba yake mpya. Bi Mize akikubali kuandikisha kuwa amejifungua, na aliyezaliwa ni wewe, hakuna atakayeuliza. Watu wa vizazi hawaulizi umri, kwa sababu wanajua jibu."

Ngwali alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Akafikiria kidogo, akaona kuwa katika mambo yote aliyokwisha kuambiwa na serikali, hili ndilo lililokaribia zaidi akili.

"Mama mzazi unasemaje?" Pandu alimuuliza Bi Mize.

"Nikipata kizimba changu," alisema, "nitanyonyesha."

*

Ikawa hivyo. Ngwali Makame akaandikishwa kama mtoto mchanga wa kiume, uzito kilo sitini na moja, afya njema, analia kidogo. Kwa kuwa mtoto mchanga hana mke, Kazija aliletewa taarifa kuwa hajaolewa. Aliipokea mlangoni, akaiweka chini ya birika la moto ili lisichafue meza.

"Miaka yote hii nimelea mtoto," akasema, "ndiyo kwanza wanajua."

Alicheka, na Ngwali akacheka naye, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nyumba ile kusikia kicheko cha wawili. Siku hiyo alizungumza habari za shule kufunguliwa. Alisema akishapona ataanza na sare ya yule mama wa mfuko wa mgongoni, amshonee bure, ajue kuwa ule haukuwa mtindo.

Siku ya kupewa namba mpya, Bi Mize alimshika mkono mpaka mbele ya Mtambo, kama mama na mwana. Mtambo ulikuwa umezeeka kidogo, rangi imebanduka, lakini sauti ilikuwa ileile. Karani akabonyeza. Mtambo ukaokota namba, ukaenda kwenye kanzidata, ukamkuta mwenyewe, ukamtambua kuwa ni nani, na kwa kuwa ulikuwa umefundishwa adabu, ukasema: "Naam, Mheshimiwa."

Bi Mize akapata kizimba chake wiki ileile. Mpaka leo yuko pale sokoni Machweo, na mihogo yake inasifiwa.

*

Ngwali alikwenda hospitali na Kazija. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Sista Chausiku alimkumbuka, akatabasamu, akamweka wa kwanza kama alivyoahidi. Akaandika namba mpya kwenye kompyuta.

Kisha Chausiku akasimama wima. Alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, na wagonjwa kwenye mabenchi, walipoona nesi amesimama vile, nao wakasimama, hata waliokuja na mikongojo.

"Sista, kuna nini?" aliuliza Ngwali, aliyeona kivuli tu kikirefuka.

"Mheshimiwa Mlezi wa Taifa," alisema Chausiku. "Macho yako yalishafanyiwa. Ng'ambo."

Hapakupita muda akafika bwana mmoja wa suti nyeusi, wa usalama. Akawatoa watu wote isipokuwa Ngwali na mkewe na nesi. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyekosa likizo nyingi. Akaeleza kwamba jambo lenyewe lingemalizika kwa dakika moja kama angepatikana wa kumwendea Mlezi na kumwambia kuwa yeye pia ni fundi cherehani. Ameuliza, tangu walinzi mpaka Waziri Makeke, na wote wamesema wazo ni zuri na wanaelekea huko.

"Sasa, mzee," akasema, "kisheria wewe ni yeye. Na nchi nzima inajua kuwa Mlezi wa Taifa anaona. Watoto wanaimba shuleni kila asubuhi kwamba anaona mpaka vijiji vya mwisho. Kusema Mlezi haoni ni kosa la uhaini. Mtu amefungwa kwa hilo, tena alisema kwa utani. Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na nitaandika jibu lako, halafu kila mtu aende nyumbani kwake." Akainua mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

Ngwali alitazama. Mbele yake palikuwa na maziwa, na ndani ya maziwa kitu cheusi kikitikisika. Alimsikia Kazija akivuta pumzi pembeni yake. Alimsikia Chausiku akilia kwa kujizuia, kama mtu anayelia kazini. Akawaza kumwambia bwana yule neno lile moja ambalo katika nchi nzima lilikuwa limetamkwa na sanduku la bati tu, tena mara moja, kisha likanyang'anywa. Lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini Kazija alikuwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa baridi.

"Vya kutosha," alisema.

Bwana wa usalama akaandika: Anaona. Akapiga saluti, bila kejeli, akaondoka.

Walirudi nyumbani polepole. Serikali, kwa heshima, iliweka askari mmoja mlangoni pao, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha fundi Ngwali hagongi kitu hadharani. Ndani, cherehani ilikuwa palepale na kitambaa cha bluu cha sare juu yake, kimekatwa tayari, kinasubiri. Ngwali akakaa. Akapapasa, akapata sindano, akapata uzi. Akailamba ncha, akalenga, akakosa. Akalamba tena. Kazija alikuwa amesimama karibu na ndoo yake ya maji, amegeuza uso pembeni kama kawaida yake.

Ngwali akashusha mikono mapajani. Kisha akanyoosha mkono kuelekea pale alipodhani mkewe yupo, sindano katikati ya vidole.

"Nitungie," akasema.

Kazija akaitunga, akaupiga uzi fundo, akairudisha kiganjani mwake.